Mwalimu wa Mlalo na Wima

Nilipopita Nkende, mtaa wetu wa Tarime, mara ya mwisho, ubao ulikuwa bado uko ukutani mwa duka la Mwalimu la vifaa vya shule. Mistari ya rangi nyeupe aliyoichora kwa mkono wake ilikuwa haijafutika. Visanduku vyote vilikuwa wazi. Watoto waliotoka shule walipokaribia duka walivuka barabara, wakapita upande wa pili, kisha wakarudi upande wao. Niliwauliza kwa nini. Wakasema mama zao wamewaambia. Nikawauliza mama wawili ninaowafahamu. Wakasema, ah, ni watoto tu hao.

Maelezo ya namna hiyo hayajawahi kunitosha. Nilirudi Tarime kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada, bila kazi, na kila aliyeniambia jambo nilimuuliza amelijuaje. Mwanamke ninayemwandika hapa ndiye aliyenibandika jina la Kwa Nini, na mtaa mzima ukalishika. Yeye tulimwita Mwalimu. Alikuwa amestaafu, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine, hata padri.

Kila Jumamosi asubuhi alitoka na kopo la chaki, kanga kiunoni juu ya sketi, sweta la kijivu hata jua likiwaka, akasimama mbele ya ubao na kuandika fumbo jipya la maneno. Upande wa kushoto aliweka vidokezo vya mlalo, upande wa kulia vya wima. Kwenye gazeti visanduku visivyojazwa huwa vyeusi. Kwenye ubao wake vilikuwa vyeupe, alivijaza chaki hadi vikawa kama meno. Aliandika kwa herufi kubwa zenye umbo lake peke yake. A yake haikuwa na ncha, ilikuwa na paa bapa, kama nyumba ambayo fundi ameiacha. Ungeiona A ile kwenye mfuko wa unga huko Sirari, mpakani, ungejua ni nani aliyeuandika mfuko huo.

Zawadi ilikuwa soda moja. Kwa soda hiyo nimeona watu wazima wakitukanana.

“Mlalo saba,” dereva mmoja wa bodaboda alisoma siku moja. “‘Ng’ombe akifa, huyu huendelea kulia.’ Herufi tano. Mjane!”

“Mjane wa ng’ombe?”

“Wewe hujaona ng’ombe anavyoliliwa Tarime? Mimi nikifa sitaliliwa hivyo.”

“Wewe ukifa tutagombania pikipiki, mura.”

Mwalimu alikuwa ameegemea dirisha la duka. Aliuliza swali alilouliza kila mara, kwa sauti ile ile ya kuchoka kidogo. “Linakatana na nini?”

Wakatazama. Wima ilikuwa tayari MUHOGO, na O yake ilianguka katikati ya lile neno. Mjane akafa pale pale. Ikabaki ngoma.

“Tarime tumezoea kukatana mapanga,” alisema yule dereva akipokea soda ambayo hakuistahili. “Mwalimu anatufundisha kukatana maneno.”

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa na imani moja tu ambayo niliiheshimu, na ndiyo hiyo ya kukatana. Neno likisimama peke yake, alisema, ni dhana, hata likitosha kwenye visanduku vyake sawasawa. Likitosha vizuri sana ndiyo uliogope zaidi. Lisubiri lipite neno jingine, kutoka upande usioutegemea, likubaliane nalo kwenye herufi moja. Hapo ndipo unaweza kuliamini kidogo. Kwa sababu hiyo hakuruhusu mtu kujaza kwa kalamu ya wino zile nakala alizotoa kwenye mashine ya dukani. “Penseli,” alisema, “au nenda ukacheze bao.”

Alikuwa na sheria nyingine: majina ya watu hayaingii kwenye fumbo. Miji ndiyo, mito ndiyo, wanyama ndiyo. Mtu, hapana. Nilimuuliza kwa nini, naye akanijibu kwamba jina la mtu halina kidokezo kisichomuumiza.

Aliijua historia ya mchezo wake kama wengine wanavyojua historia ya kanisa lao. Zaidi ya miaka mia iliyopita, alisimulia, mhariri mmoja huko Marekani alitakiwa kujaza nafasi katika gazeti la kuelekea Krismasi. Akachora umbo la almasi lenye tundu katikati, akaweka visanduku na vidokezo. Hakujua alichokianzisha. Baada ya miaka michache watu walikuwa wanajaza visanduku kwenye treni, kazini, kitandani. Gazeti moja kubwa liliwabeza, likasema ni wazimu utakaopita. Gazeti hilo hilo likaja kuanzisha fumbo lake wakati wa vita kuu ya pili, maana wasomaji walihitaji kitu cha kushika mikononi wakati taa zimezimwa na ndege zinaogopwa.

“Kwa hiyo ni dawa ya hofu,” nilimwambia.

“Ni dawa ya maswali yasiyo na ukubwa,” alinijibu. “Hapa swali linakuambia kabisa, jibu langu ni herufi sita. Ni nani mwingine amewahi kukuambia hivyo maishani?”

Nilimwambia kwamba huo ni uongo mtamu, kuwafanya watu waamini kila swali lina jibu na jibu lina mipaka inayojulikana. Alifikiri, akasema ndiyo, ni uongo, na ndiyo maana anaufuta kila Ijumaa.

Kiswahili, alidai, kinaufaa mchezo huu kuliko Kiingereza, na kinausumbua pia. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Tazama ukingo wa kulia wa fumbo la Kiswahili na ukingo wake wa chini, utaona irabu tupu, zimepangana kama watu wanaosubiri kitu. Ndani yake maneno yanakatana kirahisi. Kwenye kona yanagoma. Kona ndizo zilizompeleka kuomba maneno kwa watu.

Hiyo ndiyo tabia yake ninayoikumbuka kuliko zote. Ijumaa jioni, ubao ukiwa umefutwa, aliomba maneno kwa kila aliyepita. “Nipe neno la herufi saba, linaanza na K.” Mama muuza dagaa alimpa. Mwinjilisti alimpa. Mbadilisha fedha wa Sirari, ambaye ndugu zake wote wako Kenya, alisimamisha gari kumpa neno akasema, “Mwalimu, lakini hii kitu yako itanimaliza, walahi.” Mimi nilimpa maneno ya chuo na aliyakataa karibu yote. Aliyempa maneno mengi kuliko sisi sote alikuwa Mwita.

Mwita ni jina ambalo ukiliita sokoni Tarime watageuka watu wengi. Huyu wa Mwalimu alikuwa mwanawe kwa njia ambayo wageni hutushangaa. Kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake, warithi wake. Tunaita nyumba ntobhu. Mwalimu, aliyefundisha watoto wa wenzake kwamba binti ni sawa na mvulana, aliyebishana na wazee hadharani kuhusu ukeketaji, alioa. Kanisa lilimtenga. Aliendelea kwenda, akakaa benchi la nyuma kabisa, akaimba kwa sauti kuliko waliosamehewa.

Nilimuuliza juu ya hilo mapema sana, kabla sijajua kuogopa kumuuliza. Akasema, “Nilitaka mtu wa kunizika.” Kisha akaongeza, “Na nilitaka mtu wa kumwambia asiache taa ikiwaka.” Mke wake alihamia ng’ambo ya mpaka kuuza nguo na hakurudi. Kijana akabaki. Alimwita mama yake mlezi Mwalimu kama sisi sote.

Nilimpenda Mwita. Nalisema mapema ili asomaye asidhani nina kisasi. Alikuwa mwepesi wa ulimi. Alifanya kazi katika kambi moja ya watalii upande wa Robanda, akiosha magari, na alirudi na hadithi za tembo waliokula mahindi ya watu huku askari wakiwapigia makopo. Kisha kazi ikaisha, hakusema kwa nini. Akarudi Nkende akawa anaendesha bodaboda ya mtu. Baada ya muda pikipiki ikawa yake, mpya, na kijiweni wakamtania.

“Mwita, Kewanja huko mgodini imekutapikia dhahabu?”

“Imenitapikia mama yako,” alijibu, na wote wakacheka, na hakuna aliyepata jibu.

Mwalimu alisikia dirishani. Alikuwa mtu wa kuuliza kila neno linakatana na nini, lakini pikipiki ile hakuiuliza. Huo ndio ukinzani wake mkubwa, na nilikuwa nikiuona kila siku kama unavyoona ufa kwenye ukuta wa nyumba ya mtu unayemheshimu.

Nakumbuka Ijumaa moja ya kiangazi. Nilikuwa dukani nikimsaidia kupanga madaftari. Mwita alikuwa nje akiosha ile pikipiki. Mwalimu alikuwa na karatasi mapajani, amekwama. Neno alikuwa nalo, kengele, lakini hakutaka kuuliza kwa shule wala kanisa, alikuwa ameshatumia vyote.

“Mwita, nitaulizaje kengele?”

“Nipe hela ya petroli kwanza.”

“Neno kwanza.”

Mwita alimwagia gurudumu maji. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, “Andika: ikila nyasi hunyamaza.”

Mwalimu alitabasamu. Alikuwa anatabasamu mara chache sana kiasi kwamba nami nilitabasamu. Lilikuwa ulizo zuri, lilikufanya ufikirie mbuzi. Akaliandika. Kesho yake likawa ubaoni, wima kumi, juu kidogo ya kidokezo cha maksai na chini ya kile cha korongo, maneno ambayo sijui alipewa na nani.

Katikati ya wiki ile, maksai wa mzee jirani waliibwa. Ni wale wa kulimia, wanne, wanyama waliokuwa wakilimia mashamba ya nusu ya watu tunaowajua. Wawili wa mbele walivaa kengele za shingoni ili wakisogea zizini mlinzi asikie. Mlinzi hakusikia. Alipigwa rungu kichwani akiwa amekaa. Yuko hai hadi leo, lakini hakumbuki siku ile, na nyingine nyingi amezipoteza. Anasalimiwa na mke wake anamwamkia shikamoo.

Asubuhi watu walipofuata nyayo walifika kwenye korongo nyuma ya matanuri ya matofali. Nyayo zikaendelea hadi kwenye mawe, zikaisha.

Mtu wa kwanza kukumbuka ubao alikuwa yule dereva wa soda. Alisimama mbele yake, kofia ya chuma mkono mmoja, nakala aliyoijaza kwa penseli mkono wa pili. “Maksai hao hapo,” alisema. “Korongo hilo hapo. Mwalimu, wiki ijayo wanaibiwa kina nani? Tuambie mapema tufunge milango.”

Ilikuwa mzaha. Kufikia jioni haikuwa mzaha tena. Mama mmoja alisema fumbo linaita mambo. Mwingine alisema siku mtoto wake alipokufa kulikuwa na neno jeneza. Nilisimama pale nikabishana nao wote. Nilileta nakala za zamani, nikawaonyesha kwamba hapa kwetu hakuna wiki ambayo ubao ule haukuwa na ng’ombe, mto, panga au mvua. Ukitaka wizi utauona, ukitaka harusi utaiona. Niliwasimulia hata kisa ambacho Mwalimu mwenyewe alipenda kukisimulia, nikidhani kitasaidia.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakati wa ile vita kuu ya pili, mwalimu mkuu mmoja Uingereza alikuwa anatunga mafumbo ya gazeti. Karibu na siku ambayo majeshi yangevuka bahari kwenda kupigana Ufaransa, majibu ya mafumbo yake yakawa, moja baada ya jingine, majina ya siri ya uvamizi ule: majina ya fukwe, jina la operesheni yenyewe. Maofisa wa usalama walimfuata na kumhoji. Hakujua chochote. Wakamwachia.

“Mnaona?” nilisema. “Bahati tu.”

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. “Maliza kisa,” alisema.

Sikutaka kukimaliza. Nilikuwa nimekisoma mwenyewe kuhakikisha, na mwisho wake, ingawa wengine wanautilia shaka, ni kwamba miaka mingi baadaye mmoja wa wanafunzi wake alieleza. Mwalimu mkuu yule alikuwa na kawaida ya kuwaomba wanafunzi maneno ya kujazia visanduku. Na wanafunzi walikuwa wakizurura karibu na kambi za wanajeshi, wakisikia maneno.

Mwalimu akaingia ndani.

Siku mbili baadaye mchunga mbuzi aliokota kengele moja korongoni. Ilikuwa imejazwa nyasi, zimesukumwa ndani kwa kijiti hadi ulimi wake usingeweza kutikisika. Ya pili haikuonekana. Habari ilifika dukani nikiwa nimekaa na Mwalimu, tunakunywa chai. Aliweka kikombe chini. Hatukutazamana. Tulitazama ukuta, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta ule ndiko ubao ulikokuwa, na wima kumi.

“Kila mchungaji hapa anajua kuziba kengele,” nilisema mwishowe. “Hata babu zetu walifanya hivyo. Ni neno moja, Mwalimu. Halijakatana na kitu.”

“Pikipiki,” alisema.

“Pikipiki siyo ushahidi.”

“Sikusema ni ushahidi. Nimesema zinakatana.”

Ijumaa hiyo hakuufuta ubao, na Jumamosi alitoka na chaki kuandika majibu ya fumbo lile lile. Umati ulikuwa mkubwa kuliko siku zote na hakuna aliyetania. Aliandika korongo. Aliandika maksai. Alijaza ubao wote, na visanduku vya wima kumi akaviacha wazi, isipokuwa herufi ambazo maneno mengine yalikuwa yamezitia yenyewe. Kila aliyekuwa pale angeweza kumalizia. Mwita alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake ng’ambo ya barabara, anakula muwa. Alitema makapi, akawasha, akaondoka.

Kisha ukaitishwa mkutano wa mtaa, ule ambao wazee bado wanauita ritongo. Mtendaji alitangaza kura ya siri ya kuwataja wahalifu. Nawaelezea wasioujua utaratibu huo: unapewa kipande cha karatasi, unaandika jina la unayemjua kuwa mwizi, unakitumbukiza kwenye sanduku, na wanaotajwa na wengi wanafuatwa na polisi. Hakuna anayeulizwa amejuaje. Nilisimama nikauliza hilo hilo, amejuaje, na mzee mmoja akaniambia, “Kaa chini, Kwa Nini. Mwenye mlinzi aliyepasuliwa kichwa hana muda wa kwa nini.” Nikakaa. Karatasi yangu niliikunja tupu.

Katika mkutano kama huo kuna watu wasiojua kuandika, na wengine wanajua lakini macho yamechoka. Tangu zamani walikuwa wanaandikiwa na mtu mmoja tu, kwa sababu hakuwahi kutoa siri ya mtu. Wakaenda kwake kwenye benchi, mmoja mmoja, kama walivyokwenda miaka yote kuandikiwa barua za mikopo na majina ya watoto wa ubatizo. Sitasema ni akina nani. Nilikuwa nimekaa karibu, na nilichosikia ni swali lake tu, alilomuuliza kila mmoja kwa sauti ya chini.

“Umemwona kwa macho yako?”

“Sijamwona. Wanasema.”

Akainamisha kichwa, akaandika, akakunja, akampa. Mwingine akaja. “Umemwona?” “Hapana, Mwalimu. Unisamehe.” Akaandika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mvua ikija kutoka mbali na nguo ziko nje.

Mgambo mmoja aliyesaidia kufungua karatasi hakuweza kufunga mdomo. Kabla jua halijazama alikuwa kijiweni. Mwita ametajwa, alisema, na karatasi kadhaa mwandiko ni wa Mwalimu. “A zile zile. Zenye paa bapa. Hata mtoto angezijua.” Hakuna aliyewaza benchi. Watu wale wale waliokuwa wamesimama hatua chache kutoka pale, wakimwona anawaandikia wengine, waliona A na wakasahau walichokiona. Mwalimu, walisema, amemtaja mwanawe. Amemtaja tena na tena, ili asiponyoke.

Wengine walimlaani. Waliobaki, na hili lilinitisha zaidi, walimsifu. Mzee jirani alimletea kuku. “Mwanamke wa chuma,” walisema. Polisi walipokwenda kumchukua Mwita walikuta kitanda kimetandikwa na pikipiki haipo. Watu walisema amevuka mpaka kwenda kwa mama yake mzazi. Walisema yuko Robanda. Walisema alipita kijiweni kabla ya kuondoka na kuuliza swali moja tu: ni kweli mwandiko ni wake?

Na mgambo alimjibu.

Nilimwendea Mwalimu nikiwa na hasira. “Waambie uliandika kwa niaba ya watu. Mwambie Mwita. Tuma neno ng’ambo.”

“Nikisema sikuwa mimi, atauliza ni nani. Watoto wao wanalala nyumba zisizo na komeo, Kwa Nini. Mimi nina komeo.”

“Basi kwa nini uliandika? Hawajui kusoma. Ungeandika ngoma, ungeandika muhogo, nani angejua?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwambia avue nguo barabarani. “Wamenipa neno lao,” alisema. “Si langu kulibadilisha.”

Nililifikiria jibu hilo kwa muda mrefu na bado silipendi. Kuna siku naona ni uaminifu. Kuna siku naona ni kiburi cha mtu aliyezoea visanduku, anayetimiza kanuni huku nyumba yake inaungua. Karatasi yake mwenyewe, nilimuuliza, aliandika nini? Hilo silijui hadi leo. Yeye ndiye aliyenifundisha kutolijaza.

Baada ya hapo nilipata kazi Mwanza. Nilikuja nyumbani mara chache. Fumbo halikurudi ubaoni. Aliuza kalamu na madaftari kupitia dirisha dogo, mlango umefungwa mchana kutwa. Watu walinunua haraka. Mabibi waliokuwa wakimletea ndizi waliacha, na nadhani ninajua ni kwa nini, walishindwa kumtazama.

Mara ya mwisho ndiyo hiyo niliyopita nikaona watoto wakivuka barabara. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali. Niligonga. Aliuliza ni nani, nikasema ni Kwa Nini, nikasikia komeo, kisha komeo jingine ambalo zamani halikuwapo.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekonda. Mwanza hawali?”

Alikuwa na sweta lile lile. Kwenye meza, katikati ya madaftari, kulikuwa na kengele ya ng’ombe. Nilidhani ni ile iliyookotwa korongoni, nikakumbuka kwamba ile ilibaki polisi. Hii ilikuwa na mkanda wa ngozi na kipande cha kitambaa chekundu, kama maksai wa mzee jirani walivyovaa. Ilikuwa imejaa nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa bado na ubichi.

“Niliikuta asubuhi,” alisema. “Imening’inizwa kwenye kitasa.”

Nilianza kufanya ninachofanya siku zote. Nilisema mtu yeyote angeweza kuiokota. Nilisema kuna watu wa mtaa wanaomchukia, wanataka kumtisha tu. Nilisema kitambaa chekundu kiko kila mahali. Aliniacha nimalize, kama alivyowaacha wale madereva wamalize na mjane wao.

“Kengele yenyewe ilipotea,” alisema. “Aliyenayo ni aliyekuwa zizini. Na aliyeijaza nyasi akaileta hapa ni anayejua nani aliandika kile kidokezo, na nani alimpa. Watu wanaojua ni watatu, Kwa Nini. Wewe ulikuwa Mwanza.”

Nje pikipiki ilipita. Aliisikiliza hadi ikaisha kabisa, hata baada ya mimi kuacha kuisikia.

“Miezi yote hii,” alisema, “nilikuwa naomba iwe dhana.”

Nilimwomba tuondoke pamoja, siku ile ile, aje Mwanza akae kwangu. Nilimwomba aende polisi. Alisema polisi watauliza jina. Nikamwomba basi alale kwa majirani. Alichukua kijiti cha kukorogea rangi, akaanza kutoa nyasi ndani ya kengele, polepole, akiziweka juu ya gazeti. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza aliutikisa ulimi kwa kidole, mara moja. Sauti yake ilikuwa kubwa kwa chumba kile. Akakunja gazeti na nyasi zake, akaliweka jikoni kwenye jiko la kuni.

Kisha akapanda juu ya kiti, mwanamke wa umri ule, akaifunga kengele kwenye kichwa cha mlango, kwa ndani.

“Unamwogopa,” nilisema.

“Namwogopa,” alisema. “Na ni mwanangu. Akija, nataka nimsikie.”

Niliaga. Alinifungulia makomeo yote mawili. Nilivuta mlango taratibu kadiri nilivyoweza, lakini kengele ililia juu ya kichwa changu, na Mwalimu, ambaye alikuwa ananitazama usoni, akahamisha macho yake haraka, akatazama nyuma yangu, barabarani.